Bastola ya Kila Siku Haipimwi kwa Udogo Wake

Katika mijadala ya Marekani kuhusu bastola ya kubebwa kila siku chini ya nguo, kuna rai iliyozoeleka kiasi kwamba wengi wanaoirudia hawaoni tena haja ya kuitetea, nayo ni kwamba sifa ya kwanza ya silaha hiyo ni kutoonekana na kutohisiwa mwilini, na kwa hiyo iliyo bora ni ile ndogo kuliko zote, maadamu inafyatua risasi yenye nguvu ya kutosha. Rai hiyo imesimama juu ya kauli ambayo kila mwuza silaha anaijua, kwamba bastola iliyoachwa nyumbani haimfai mtu, kauli ambayo ni ya kweli na haina mpinzani. Kosa liko katika hatua ya pili, pale inapodaiwa kwamba kwa kuwa silaha lazima iwepo mwilini, basi kile kinachoifanya iwe nyepesi kubebwa ndicho pia kinachoifanya iwe bora. Makala haya yanaipinga hatua hiyo. Yanashikilia kwamba bastola ya kubebwa inapaswa kupimwa kwanza kwa kiasi ambacho mbebaji wa kawaida, asiye bingwa wa shabaha wala mwandishi wa tathmini, anaweza kuwajibika kwa kila risasi inayotoka katika mtutu wake, na kwamba kila sentimita na kila gramu inayopunguzwa kwa ajili ya kuficha hukatwa kutoka katika uwezo huo. Anayechagua jembe kwa wepesi wa kulibeba begani kuelekea shambani amepima safari, hajapima kilimo.

Historia ya rai hii inafichua mengi kuhusu msingi wake. Bastola ndogo za mfukoni si jambo geni. Kampuni ya FN ya Ubelgiji ilitengeneza bastola ya milimita 6.35, iliyobuniwa na John Browning, mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1950 Smith & Wesson ilitoa rivolva ya risasi tano iliyojulikana kwa jina la Chiefs Special, yaani bastola yenye gurudumu la risasi linalozunguka badala ya magazini inayochomekwa ndani ya mpini. Silaha za namna hiyo zilihesabiwa kuwa za akiba, za mpelelezi au za mtu ambaye mavazi yake hayakumruhusu kubeba kubwa zaidi, na hazikutolewa kuwa mfano wa ubora kwa raia wote. Mabadiliko yaliletwa na sheria. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria iliyoilazimu mamlaka kutoa kibali cha kubeba silaha kwa kila mwombaji aliyetimiza masharti, na majimbo mengine yakafuata; kisha mwaka 1994 Bunge la Marekani likapiga marufuku, kwa muda wa miaka kumi, utengenezaji wa magazini mpya za kiraia zenye kubeba zaidi ya risasi 10. Watengenezaji wakajikuta wana soko jipya la wabebaji kwa upande mmoja na kikomo cha risasi kwa upande wa pili, na kwa kuwa haikuwa na maana tena kumwuzia raia mpini uliotengenezewa risasi 15 ukiwa na 10 tu ndani yake, waliupunguza mwili wa bastola mpaka ukalingana na risasi hizo kumi. Glock 26, ambayo ni ufupisho wa Glock 19 iliyotoka mwaka 1988, ni zao la mazingira hayo. Marufuku ilimalizika mwaka 2004 lakini mazoea ya soko yalibaki, na mwaka 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha katika kesi ya Bruen sharti la New York la kumtaka mwombaji athibitishe haja yake ya pekee ya kubeba bastola, wanunuzi wapya waliingia katika soko ambalo udogo ulikuwa umekwisha kufanywa sifa kuu. Katika safari yote hiyo hakuna mahali ambapo bastola ndogo ilithibitishwa kwa matumizi kuwa inamwezesha mtu kujilinda vyema kuliko ya ukubwa wa kati. Kilichothibitishwa ni kwamba inauzika.

Jambo ambalo tathmini nyingi hulipitia kwa sentensi moja, ilhali ndilo kiini cha suala zima, ni teke la bastola, yaani msukumo wa kurudi nyuma unaoipata silaha pale kichwa cha risasi kinapotoka mbele. Sheria ya mwendo inayofundishwa shuleni inatosha kulieleza. Kichwa cha risasi ya kawaida ya milimita 9 kina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde. Ikichukuliwa kwamba kasi hiyo ni sawa kwa bastola mbili, na bila kuingiza gesi ya baruti katika hesabu, Glock 19 iliyojazwa risasi, yenye uzito unaokaribia gramu 850, hurudi nyuma kwa kasi ya mita 3.2 kwa sekunde, ilhali SIG Sauer P365, bastola ndogo iliyotolewa mwaka 2018 na kupendwa mno, ikiwa imejazwa na kufikia gramu 630 hivi, hurudi kwa kasi ya mita 4.3. Nishati inayopokelewa na mkono inazidi kwa zaidi ya theluthi moja, na inapokelewa kupitia mpini mfupi na mwembamba ambao haukipi kidole kidogo cha mkono wa wengi mahali pa kushika. Hata bastola ndogo zaidi zinazotumia risasi dhaifu hazikwepi hesabu hii. Ruger LCP ya mwaka 2008, ambayo tupu ina uzito wa chini ya gramu 300 na hutumia risasi fupi ya kipimo cha .380, hurudi nyuma kwa kasi inayozidi ile ya Glock 19, ingawa kichwa cha risasi yake ni chepesi na kinakwenda polepole zaidi. Mnunuzi huambiwa kwamba amebadilisha nguvu kidogo kwa starehe nyingi, naye hugundua katika uwanja wa shabaha kwamba starehe ile ilikuwa ya kiunoni, haikuwa ya mkononi.

Matokeo ya teke hayaishii katika maumivu ya kiganja, ambayo mtu mzima anaweza kuyavumilia. Yanaonekana katika risasi ya pili na ya tatu, kwa sababu bastola iliyoruka zaidi huchukua muda mrefu zaidi kurudi mahali pake, na mshikaji ambaye mkono wake umehama kidogo juu ya mpini mfupi hafyatui tena kutoka pale alipoanzia. Yanaonekana pia katika mazoezi. Mwenye bastola inayomuumiza hufyatua risasi thelathini, hufunga mkoba wake na kurudi nyumbani, na baada ya miezi michache haendi tena uwanjani. Wakati huo huo mazoea ya kukunja uso na kusukuma mkono chini kabla ya mlio, ambayo wakufunzi wote huyafahamu kuwa adui wa kwanza wa shabaha, yamekwisha kuota mizizi. Hapa ndipo rai inayopingwa inapojikanusha yenyewe, maana ikiwa hoja yake ni kwamba bastola isiyobebwa haina faida, basi ni lazima pia ikiri kwamba bastola isiyofanyiwa mazoezi humpa mbebaji wake imani asiyoistahili.

Kifyatulio nacho kinastahili kuangaliwa kwa namna hiyo hiyo. Bastola nyingi za kisasa za aina hii hutaka kidole kivute kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2.5 hivi kabla ya risasi kutoka, na kiasi hicho si kingi kwa chenyewe. Lakini nguvu hiyo inapotumika juu ya kitu chenye uzito wa gramu 630, kidole kinavuta kwa nguvu inayokaribia mara nne ya uzito wa silaha, na chochote katika mvuto huo ambacho hakielekei nyuma moja kwa moja huugeuza mtutu kushoto, kulia au chini. Vilengeo, yaani alama mbili za juu ya bastola ambazo jicho huzipanga katika mstari mmoja na shabaha, navyo hukaribiana kadiri bastola inavyofupishwa. Vikiwa vimetengana kwa milimita 150, kosa la milimita moja katika kuvipanga huipeleka risasi pembeni kwa sentimita 10 katika umbali wa mita 15. Vikitengana kwa milimita 120, kosa lile lile huipeleka sentimita 12.5. Kila upungufu, ukitazamwa peke yake, unaonekana mdogo, na watetezi wa udogo huutaja mmoja mmoja ili uonekane hivyo. Mkononi mwa mtu mwenye hofu upungufu wote hufika kwa pamoja.

Kuhusu utendaji wa mitambo yenyewe, haki inataka isemwe kwamba viwanda vimefanya kazi kubwa. Hata hivyo, kufupisha bastola inayojipakia yenyewe kuna gharama ambazo ufundi huzipunguza bila kuzifuta. Sehemu ya juu ya bastola hiyo, iitwayo slaidi, hurudi nyuma kwa nguvu ya mlipuko, hutupa ganda lililotumika, kisha husukumwa mbele na springi huku ikichukua risasi mpya kutoka katika magazini. Slaidi fupi na nyepesi husafiri umbali mfupi kwa kasi kubwa, na hivyo magazini hubakiwa na muda mchache zaidi wa kuinua risasi inayofuata, huku springi ikilazimika kuwa ngumu zaidi na kuchoka mapema zaidi kuliko ile ya bastola ndefu. Bastola kama hiyo huwa na utashi zaidi kuhusu aina ya risasi na kuhusu uimara wa kiwiko na kifundo cha mkono. Kwa sababu hiyo desturi ya wakufunzi wengi, ya kutoiamini bastola mpya mpaka ifyatue risasi mia mbili hivi za aina ile ile itakayobebwa bila kukwama, ni ya lazima zaidi kwa bastola ndogo kuliko kwa kubwa, na tathmini iliyoandikwa baada ya maboksi mawili ya risasi za bei nafuu haistahili kuitwa tathmini. Wala sifa ya kampuni haichukui nafasi ya majaribio: mwezi Agosti 2017 SIG Sauer, kampuni yenye jina kubwa, ilitangaza mpango wa hiari wa kuzirekebisha bastola zake za P320 baada ya kubainika kwamba zilipoangushwa katika pembe fulani ziliweza kufyatuka.

Watetezi wa udogo wana ngome yao, nayo ni ile inayoitwa kanuni ya tatu tatu, isemayo kwamba raia hujikuta akijitetea katika umbali wa yadi tatu, kwa sekunde tatu na kwa risasi tatu. Kutoka hapo huhitimishwa kwamba teke, vilengeo na mpini ni mambo ya wanamichezo, kwa kuwa katika umbali huo hakuna anayeweza kukosa. Ngome hii haina kuta. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya RAND, ikiwa imepewa kazi hiyo na idara ya polisi ya jiji la New York, ilichapisha uchunguzi uliohusisha matukio ya miaka ya 1998 hadi 2006, na ikakuta kwamba maafisa waliokuwa katika majibizano ya risasi walipata shabaha kwa wastani wa asilimia 18 tu, na pale ambapo hawakujibiwa kwa risasi, asilimia 30. Hao walikuwa watu waliofunzwa, waliovaa silaha zao kila siku ya kazi, na waliokuwa na bastola za ukubwa wa kikazi. Ni kweli kwamba vifyatulio vyao vilifanywa kwa makusudi kuwa vizito mno, jambo ambalo watafiti wenyewe walipendekeza liangaliwe upya, lakini ukweli huo unaiongezea uzito hoja ya makala haya, kwa maana unaonyesha kwamba umbile la silaha huingia moja kwa moja katika hesabu ya risasi zilizopotea.

Na risasi iliyopotea haipotei. Tarehe 24 Agosti 2012, karibu na jengo la Empire State, maafisa wawili wa polisi walifyatua risasi 16 kumkabili mtu aliyekuwa ametoka kuua, na wapita njia tisa wakajeruhiwa kwa risasi hizo au vipande vyake. Umbali kati ya maafisa na mtu huyo ulikuwa mfupi, wa kiasi ambacho kanuni ya tatu tatu ingeuita rahisi. Raia aliyebeba bastola katika barabara ya jiji hana kinga ya kisheria aliyonayo afisa, hana mwenzake wa kumsaidia na hana mwajiri wa kulipa fidia; anachokuwa nacho ni mkono wake na kile alichochagua kuweka ndani yake. Mtu aliyelitafakari jambo hili kwa dhati hawezi kuridhika na silaha ambayo sifa yake iliyotangulia nyingine zote ni kwamba aliisahau kiunoni.

Umbali nao si mtumwa wa wastani. Mwezi Julai 2022, katika jengo la maduka la Greenwood Park, jimbo la Indiana, kijana wa miaka 22 aliyekuwa na bastola ya milimita 9 alimkabili mtu mwenye bunduki aliyekuwa akiua watu katika ukumbi wa chakula, akaanza kufyatua kutoka yadi 40 hivi, karibu mita 37, na kwa mujibu wa polisi nane kati ya risasi zake kumi zilimpata mshambuliaji. Tukio moja haliwezi kuwa kanuni, na haitakuwa haki kumtaka kila mbebaji awe na mkono kama ule. Linaonyesha tu kwamba anayetathmini bastola katika umbali wa mita tatu peke yake amejiamulia mapema mahali ambapo hatari itasimama. Mtihani wa bastola wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani, huanzia karibu sana lakini hufika yadi 25, yaani karibu mita 23, na hakuna sababu ya kumpimia raia silaha yake kwa umbali mdogo zaidi ya huo, hata kama kiwango cha kufaulu kitashushwa.

Mabishano ya ukubwa wa risasi, ambayo hula nusu ya kurasa za majarida ya silaha, hayahitaji kushughulikiwa kwa urefu. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maafisa wawili wa FBI waliuawa na watano kujeruhiwa, idara hiyo ilitafuta risasi zenye nguvu zaidi, ikapitia kipimo cha milimita 10 na kisha kile cha .40, na hatimaye, katikati ya muongo wa 2010, ikarudi kwenye milimita 9 kwa sababu risasi za kisasa za kipimo hicho zilitosheleza na maafisa walizipiga kwa usahihi na wepesi zaidi. Kigezo kilichobaki katika vipimo vyake, cha risasi kuzama kati ya sentimita 30 na 46 katika jeli ya majaribio inayowakilisha nyama ya mwili, kinahusu bastola ndogo kwa njia ambayo haisemwi vya kutosha: risasi yenye tundu kichwani, iliyoundwa ili ipanuke inapogonga na isipite na kumfikia aliye nyuma, hutegemea kasi ili ipanuke, na mtutu mfupi huipunguza kasi hiyo. Risasi iliyosifiwa ilipopigwa na bastola ya kikazi inaweza kushindwa kupanuka ikitoka katika mtutu wa sentimita 7 au 8.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote dhidi ya rai hii umetolewa na viwanda vyenyewe. Mwaka 2015 Glock ilitoa bastola nyembamba ya risasi sita, Glock 43, ikapokelewa kama jibu la mwisho la suala la kubeba kila siku. Mwaka 2019 ikatoa 43X, yenye slaidi ile ile fupi lakini yenye mpini mrefu zaidi na risasi 10. SIG Sauer, mwaka mmoja tu baada ya P365, ilitoa P365XL, ambayo mtutu na mpini wake vimerefushwa, na mwaka 2022 ikatoa toleo la X-Macro lenye magazini ya risasi 17. Springfield ilitoa Hellcat mwaka 2019 na ndugu yake mkubwa, Hellcat Pro, mwaka 2022. Njia ni moja katika kampuni zote tatu: kwanza bastola ndogo kupita kiasi inasifiwa kuwa imeondoa haja ya kubwa, kisha wanunuzi wanaifikisha uwanjani, na baada ya muda mfupi mpini unarudishwa. Ikiwa udogo ndio sifa kuu, haielezeki kwa nini kila kampuni iliyoufikia imekimbilia kuupunguza. Kilichobaki baada ya mzunguko huo, na kinachostahili kusifiwa bila kinyongo, ni wembamba. Magazini inayopanga risasi kwa safu mbili chini na kuzikutanisha juu, iliyoiwezesha P365 kubeba risasi kumi ndani ya bastola yenye upana wa sentimita 2.5 hivi, ni uvumbuzi wa kweli, kwa kuwa unene ndio unaosukuma nguo nje na kuuchosha mwili, na kuupunguza hakumnyang'anyi mkono mahali pa kushika.

Hapo ndipo inapodhihirika kwamba rai inayopingwa haielewi hata ufichaji inaoutetea. Sehemu ya bastola inayojitokeza chini ya shati ni kitako cha mpini, si mtutu. Mtutu huzama ndani ya suruali, na urefu wake wa ziada mara nyingi husaidia, kwa sababu hukandamizwa na mwili chini ya mshipi na hivyo kukizuia kitako kisiinamie nje. Mtengenezaji anayekata mtutu amekata kile kilichokuwa kimefichika tayari. Kazi ya kuficha hufanywa na kifuko cha bastola, yaani ala inayoishika silaha kiunoni, pamoja na mshipi mgumu na nguo iliyochaguliwa kwa akili, na bastola ya ukubwa wa kati iliyo ndani ya kifuko kizuri hufichika kuliko ndogo iliyochomekwa ovyo. Kifuko hicho, kilichofinyangwa kwa plastiki ngumu au ngozi nene ili kiufunike mlango wote wa kifyatulio, ni sehemu ya silaha, na tathmini isiyokitaja imepima nusu ya kitu. Mchezaji maarufu wa kandanda ya Kimarekani, Plaxico Burress, alijipiga risasi pajani katika klabu ya usiku mjini New York mwezi Novemba 2008 baada ya bastola kumteleza kiunoni ndani ya suruali ya mazoezi, na akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mwezi Desemba 2014, katika duka moja mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili alitoa bastola ndogo katika mfuko wa pekee wa mkoba wa mama yake, mkoba uliotengenezwa hasa kwa ajili ya kubebea silaha, na mama akafa pale pale. Bastola inayosifiwa kwamba inaingia popote humshawishi mwenyewe aiweke popote, na katika vifo vya namna hiyo ushawishi huo una sehemu yake, hata kama jina la silaha halitajwi.

Mjadala huu una wasomaji Nairobi pia. Kenya huwaruhusu raia wachache, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kumiliki bastola kwa leseni inayotolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na baadhi yao walionekana na ulimwengu tarehe 21 Septemba 2013, walipoingia katika jengo la maduka la Westgate wakiwa na bastola zao kuwatoa watu waliokuwa wamezingirwa na washambuliaji wenye bunduki za kivita. Korido za jengo la maduka zina urefu wa makumi ya mita, na waliozipita siku ile hawakuwa katika ulimwengu wa yadi tatu. Zaidi ya hayo, cheti cha Kenya hutaja silaha mahususi na kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti anaruhusiwa kuwa nacho. Mmarekani aliyekosea kuchagua huuza bastola yake Jumamosi na kununua nyingine. Mkenya hukaa na kosa lake, na akiba yake ndogo ya risasi haimruhusu kufuta kwa mazoezi yale ambayo bastola ndogo imemwongezea ugumu. Kwake, kuiga tathmini za Marekani zinazotanguliza udogo ni hasara maradufu, na pengine wengi wanaoshikilia bastola zao za Ceska za ukubwa wa kati wamechagua vyema kuliko majarida wanayoyasoma.

Linabaki pingamizi la haki, nalo ni la mwili na tabianchi. Mtu mwenye umbo dogo, au anayeishi kwenye joto lisiloruhusu zaidi ya shati jepesi, au ambaye kazi yake inamfunga katika vazi lisilo na mshipi, hawezi kuambiwa kirahisi abebe gramu 850. Kwake bastola ndogo inaweza kuwa ndiyo pekee inayowezekana, na hakuna ubaya katika kuibeba ikiwa ameitambua kuwa ni mapatano na akaifanyia mazoezi mengi zaidi, si machache zaidi. Lakini pingamizi hilo limegeuzwa kuwa desturi inayodhuru, kwa sababu mauzo ya rejareja yamejenga mazoea ya kumpa mwanamke, mzee au mgeni wa silaha bastola iliyo ndogo kuliko zote dukani kwa dhana kwamba mkono mdogo unataka chombo kidogo. Springi ya bastola hiyo ndiyo ngumu zaidi kuivuta, teke lake ndilo kali zaidi, mpini wake ndio unaodai vidole vyenye nguvu zaidi, na vilengeo vyake ndivyo visivyosamehe. Mwenye nguvu chache na uzoefu mchache kuliko wateja wote hukabidhiwa silaha inayodai vingi kuliko zote. Mwuzaji anayemtakia heri mteja wa namna hiyo angempeleka kwanza uwanjani akiwa na bastola ya ukubwa wa kati, amwone akivuta slaidi mara ishirini mfululizo na kuweka risasi kumi ndani ya karatasi yenye ukubwa wa daftari kutoka mita saba, kisha kumi nyingine kutoka mita kumi na tano, na baada ya hapo ndipo aanze naye safari ya kushuka ukubwa, hatua moja moja, akisimama pale ambapo risasi zinaanza kutoka nje ya karatasi.